Staa mmoja kwa wanne, nani kapigwa?

SWALI: Kaka za kazi, mimi msomaji wako wa siku nyingi nipo Kirumba hapa Mwanza, nafanya biashara ya sangara. Shemeji yangu anaishi Kanada, mji wa Calgary, na ndo kaniambukiza hoki ya barafu, ananirushia video kila wiki. Sasa juzi tumebishana hadi dada yake akaninyang'anya simu. Mwaka 2022 timu yao ya Flames ilimtoa Matthew Tkachuk kwenda Florida Panthers, wao wakapewa Jonathan Huberdeau, beki MacKenzie Weegar, kijana mmoja na chaguo la raundi ya kwanza kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua vijana wapya. Mimi nasema Calgary walipata, vitu vinne kwa mtu mmoja, tena Huberdeau msimu ule alimaliza na pointi 115 (mabao na pasi za mabao), Tkachuk 104. Shemeji anasema waliibiwa mchana kweupe. Nani yuko sahihi, na hivi thamani ya staa wanaipimaje?

JIBU: Ndugu yangu wa Kirumba, hili swali limenikosesha usingizi maana hiyo dili naipenda sana. Kwanza wasomaji wengine wajue kwamba kule NHL, ligi kubwa ya hoki ya Kanada na Marekani, hakuna ada ya uhamisho kama kwenye mpira wa miguu, timu zinabadilishana wachezaji na nafasi za kuchagua vijana, kwa hiyo hakuna bei iliyoandikwa mahali, inabidi uipime mwenyewe.

Kosa lako ni kuhesabu vichwa. Sangara mmoja wa kilo kumi na wadogo watano wa kilo mbili mbili, mzani unasoma sawa lakini wewe mwenyewe hulipi sawa, na hapo bondo, kile kibofu cha hewa chenye bei, bado halijatoka tumboni. Kwenye barafu wanaingia watano na kipa, basi, na staa wa mbele anacheza kama dakika 20 kati ya 60, sasa ukipewa watatu wa kawaida huwezi kuwabana wote kwenye nafasi ya mmoja. Halafu angalia umri, Tkachuk alikuwa na miaka 24, Huberdeau 29, zile pointi 115 zilikuwa za juzi ila Florida walikuwa wananunua za kesho. Na kuna kikomo cha mishahara ya timu, kwa hiyo mchezaji na mkataba wake ni mzigo mmoja, huwezi kumpima huyu ukauacha ule.

Ila shemeji naye asishangilie mapema. Unajua mtumbwi ukichelewa kufika mwaloni, jua limeshapanda, barafu kwenye boksi imebaki maji, na mnunuzi anakaa tu kwenye ndoo yake hasemi kitu maana anajua lazima utauza? Calgary walikuwa hapo hapo. Tkachuk alishawaambia hatasaini mkataba mrefu, na siku chache kabla yake Johnny Gaudreau, staa wao mwingine, mkataba ulimwisha akajiondokea Columbus na wao hawakuambulia hata senti. Mtu aliyebanwa hivyo akatoka na mchezaji wa pointi 115 pamoja na beki mzuri, mimi namvulia kofia, siku ile ya Julai walifanya kazi kubwa!

Palipoharibika ni Agosti. Huberdeau alikuwa amebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba wa zamani, wao hata hawakusubiri wamwone akicheza na jezi yao, wakampa miaka 8 kwa dola milioni 10.5 kila mwaka, yaani mpaka 2031 akiwa anagonga miaka 38. Msimu wa kwanza akapata pointi 55. Tkachuk kwa milioni 9.5 akapata 109, akaipeleka Florida fainali 2023, kisha wakabeba kombe la Stanley, ubingwa wa ligi, 2024 na 2025. Inauma hata kuandika.

Na usidhani wengi hawawezi kumshinda mmoja, wanaweza, ila lazima kati yao awepo mkubwa aliyejificha. Mwaka 1992 Quebec walimtoa Eric Lindros kwenda Philadelphia, kijana ambaye kila mtu alisema ndo mfalme ajaye, wakapewa rundo la wachezaji, dola milioni 15 (enzi hizo hela zilikuwa zinaingia kwenye dili), na katikati ya rundo alikuwemo Peter Forsberg. Timu ikahamia Denver 1995 na 1996 wakachukua kombe. Boston 2005 hawakuwa na bahati hiyo, walimtoa Joe Thornton kwa watatu, msimu ule ule Thornton akawa mchezaji bora wa ligi, na kwenye wale watatu hapakuwa na Forsberg.

Kwa hiyo mwambie shemeji kwenye kubadilishana hawakuibiwa, walijiibia wenyewe mwezi uliofuata kwa kalamu. Na simu mrudishiwe.