Maswali na majibu: India, kuanzia mbaazi za Babati hadi milima ya Himalaya

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza kuhusu India. Nimechagua sita. Maneno nimeyafupisha, hoja sijazigusa.

Nalima mbaazi Babati. Mwaka huu bei inapaa, mwaka mwingine hata mnunuzi haonekani. Tunaambiwa "ni India". Tumeikosea nini? (Msomaji, Manyara)

Hamjaikosea kitu, ndugu yangu. Mbaazi zako zimeingia katika siasa za chakula za nchi yenye watu zaidi ya bilioni 1.4. Mamilioni yao hawali nyama, na dal ya mbaazi, yaani mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, ndiyo mboga yao ya kila siku. Mvua zilipokuwa haba kule mwaka 2014 na 2015, dal ilifika karibu rupia 200 kwa kilo mijini, na serikali ikahaha kutafuta mbaazi popote zilipo. Ndipo wanunuzi walipofurika Manyara, Lindi na Mtwara, na wakulima wetu wakapanua mashamba.

Lakini Delhi, yaani serikali ya India, nayo ilikuwa imewapandishia wakulima wake bei. Mvua za 2016 zikanyesha vizuri, maghala yakajaa. Agosti 2017 serikali hiyo ikaweka ukomo: mbaazi zisizozidi tani 200,000 kutoka nje kwa mwaka. Agosti, wakati kwetu magunia ndiyo yanatoka shambani! Bei iliyokuwa imevuka shilingi 2,000 kwa kilo iliporomoka hadi shilingi mia chache, na wapo waliouacha mzigo shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei yenyewe. Ukomo ule ulikuja kuondolewa Mei 2021.

Kinachoniuma ni hiki. Msumbiji ilikuwa imetia saini na India mwaka 2016 makubaliano ya serikali kwa serikali, ya kiasi kinachoongezeka mwaka hadi mwaka mpaka tani 200,000. Mkulima wa Babati alikutana na amri ile bila kinga yoyote. Waziri wa Delhi anamwomba kura mkulima wa jimbo la Maharashtra, hakuombi wewe. Atamlinda yule kwanza, na simlaumu. Wa kuwabana ni viongozi wa kwetu, watuletee mkataba wa miaka kadhaa wenye kiasi kinachojulikana kabla ya msimu wa kupanda, na viwanda vya kukoboa mbaazi hapa hapa.

India ni miongoni mwa nchi tano zenye uchumi mkubwa duniani. Iweje bado igawe nafaka bure? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu uchumi wa takriban dola trilioni 4, ukigawanywa kwa watu wote wale, kila mmoja anapata kama dola 2,700 tu kwa mwaka. Hata huo mgawo ni wa kwenye karatasi. Watu wapatao milioni 800 wanapewa kilo 5 za mchele au ngano bure kila mwezi, na Januari 2024 mpango huo uliongezewa miaka mitano.

Mwenzangu, ukiniuliza India inasumbuliwa na nini hasa, sitaanza na mpaka wala makombora. Nitaanza na ajira. Karibu nusu ya wafanyakazi wake bado wako kwenye kilimo, na kilimo hicho kinazalisha chini ya moja ya tano ya pato la taifa. Tunaosoma habari za kompyuta za Bengaluru na simu zinazounganishwa Tamil Nadu tunasahau kwamba kazi hizo zinachukua watu wachache. Mwaka 2014 Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua mpango wa kuongeza uzalishaji wa viwandani hadi robo ya pato la taifa. Miaka zaidi ya kumi baadaye, sehemu hiyo haijafika hata moja ya tano.

Tazama jimbo la Bihar, Januari 2022. Shirika la reli lilikuwa limetangaza nafasi zipatazo 35,000, wakaomba watu zaidi ya milioni 12. Ulipozuka utata kuhusu matokeo ya mtihani, vijana walikaa kwenye reli na behewa zikachomwa. Miezi mitano baadaye moshi ulipanda tena, kwa sababu jeshi lilitangaza kuwa askari wapya watatumikia miaka minne na robo yao tu ndio watakaobakizwa. Kijana wa Bihar alikuwa ameamka alfajiri miaka mitatu kukimbia barabarani ili aingie jeshini, apate mshahara wa kudumu na pensheni. Hapo utaona jinsi maendeleo na usalama vilivyofungamana.

Adui mkubwa wa India ni Pakistan au China? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pakistan ndiyo inayowasha hasira, China ndiyo inayowakosesha usingizi majenerali. Ugomvi wa Kashmir umekuwepo tangu 1947, na tangu majaribio ya Mei 1998 pande zote mbili zina silaha za nyuklia hadharani. Aprili 2025 watu 26 waliuawa kwa risasi Pahalgam, Kashmir. India ikaituhumu Pakistan, nayo ikakana. Mwezi uliofuata walipigana kwa makombora na droni kwa siku nne kabla ya kusimamisha. India pia ilisimamisha mkataba wa 1960 wa kugawana maji ya mto Indus, na hilo linanitisha kuliko makombora, maana mashamba ya Pakistan yanaishi kwa maji hayo.

Na China? Juni 2020, katika bonde la Galwan kwenye milima ya Himalaya, askari wa nchi hizo mbili walipigana kwa marungu na mawe kwa kuwa walikuwa wamekubaliana kutotumia bunduki kwenye mpaka. India ilipoteza askari 20, China ikakiri 4. Hata hivyo India inaendelea kununua China bidhaa za mabilioni ya dola, zikiwemo malighafi za dawa. Vidonge vingi vya kutoka India unavyonunua Kariakoo, dawa yenyewe ndani yake ilianzia kiwanda cha China.

Ndani ya nchi kuko shwari? (Msomaji, Kampala)

Si kote. Uasi wa Wanaksali, wapiganaji wa Kikomunisti, ulioanza 1967, umedhoofika sana. Lakini jimbo la Manipur, tangu Mei 2023, limegawanyika kati ya makabila ya Wameitei na Wakuki. Zaidi ya watu 200 wameuawa, na makumi ya maelfu walihama makwao. Serikali inayotaka kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama ilipaswa kulishughulikia hilo mapema zaidi.

Hapa Muscat tunafanya kazi na Wahindi kila siku. Nchi yao ni rafiki wa Marekani au wa Urusi? (Msomaji, Oman)

Ni rafiki wa yeyote anayeisaidia kupata mafuta, silaha na soko. Inaagiza nje zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ghafi. Baada ya vita vya Ukraine kuanza 2022, iliyanunua ya Urusi kwa wingi kwa sababu yalishuka bei. Wakati huo huo iko na Marekani, Japani na Australia katika umoja wa Quad, na iko na Urusi na China katika BRICS, umoja wa nchi zinazoinukia kiuchumi. Wapo wanaoita huo ukigeugeu. Mimi nauona ni mwendo ule ule wa kutofungamana na upande wowote, wa Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, na mkutano wa Bandung 1955, ila una gharama: Agosti 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50, nusu yake kwa sababu ya mafuta hayo. Waliobeba mzigo ni washonaji wa Tiruppur na wakata almasi wa Surat. Jirani zako hapo Muscat nao wamo katika hesabu, kwani Wahindi wa Ghuba ni karibu milioni 9, na fedha wanazotuma nyumbani ni nyingi. Ndiyo maana Delhi huchunga sana maneno yake Ghuba ikichafuka.

Manowari za India zinatafuta nini kwenye bahari yetu? (Msomaji, Zanzibar)

Zinalinda njia ya biashara, na zinaichunga China, ambayo tangu 2017 ina kambi ya kijeshi Djibouti. Machi 2024 makomando wa India waliikomboa meli ya Ruen, wakaokoa mabaharia 17 na kuwakamata maharamia 35. Aprili 2025 Tanzania na India ziliandaa pamoja Dar es Salaam mazoezi ya majini ya nchi kadhaa za Afrika. Binafsi nafurahia zaidi tawi la chuo cha teknolojia cha IIT Madras lililoanza masomo kwenu Zanzibar mwaka 2023. Mazoezi ya wanamaji huisha ndani ya wiki. Mhandisi atafanya kazi miaka thelathini, na kwenye meza ya mazungumzo na Delhi ningependa nafasi za ufadhili katika chuo hicho ziombwe kwa nguvu ile ile tunayoombea mikataba ya mbaazi.