Mtoto amebadilika tabia baada ya upasuaji: ni nusu kaputi au ni kitu kingine?

Dada, pole na mwanao. Umesema ana miaka minne na kilo 16, alifanyiwa henia asubuhi na jioni akawa nyumbani. Alipozinduka alipiga kelele, akarusha miguu, hata wewe hakukutambua. Sasa ni wiki moja, usiku anaamka analia, amerudia kukojoa kitandani na hataki umwache hata uende chooni. Unauliza kama dawa ya usingizi imemharibu ubongo.

Hapo kuna mambo mawili, na kila moja lina sababu yake.

Zile kelele za kuzinduka ni kuweweseka. Hutokea ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya dawa kukatwa, zaidi kwa watoto wa miaka 2 hadi 5, na zaidi kwa gesi za usingizi zinazotoka mwilini haraka kama sevoflureni. Macho yako wazi lakini hakutazami, habembelezeki, anajinyonganyonga na kung'oa kanula (mrija wa dripu). Kwa kawaida huisha ndani ya robo saa, mara chache huvuka nusu saa, na mtoto mwenyewe hakumbuki kitu. Mwenye maumivu ni tofauti: anakuona, anamtaka mama, anashika kidonda. Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, nayo ina namna yake, humfanya mtoto aone vitu visivyokuwepo na kuota ndoto za kutisha. Ila muuguzi asikimbilie kusema “anaweweseka tu” kabla hajapima oksijeni na sukari, kuangalia kama kibofu kimejaa na kama dawa ya maumivu ilitolewa, kwa sababu oksijeni ikishuka mtoto huhangaika vilevile. Mzazi akiwepo hapo, amkinge asianguke, aongee kwa sauti ya chini, asimtingishe ili “aamke vizuri”. Kumtingisha humzidishia.

Haya ya nyumbani ni jambo jingine, na yanawapata wengi. Huko Marekani, Zeev Kain na wenzake walifuatilia watoto waliofanyiwa upasuaji na kutoa matokeo mwaka 1996: baada ya wiki mbili asilimia 54 walikuwa na mabadiliko fulani ya tabia, baada ya miezi sita asilimia 20, baada ya mwaka mmoja kama asilimia 7. Usingizi wa mang'amung'amu, kung'ang'ania mzazi, hasira, kukataa chakula, kukojoa kitandani kwa aliyekwisha acha. Wanaoathirika zaidi ni wadogo, waliokwenda chumba cha upasuaji wakiwa na hofu kubwa, wenye wazazi waliojaa wasiwasi, na waliobaki na maumivu. Mtoto aliyebebwa akilia, akashikwa mikono na kuwekewa barakoa kwa nguvu, amejifunza kwamba mama akitoka kuna jambo baya linakuja. Ndiyo maana anakufuata hadi chooni. Hajarogwa na hadeki. Kumchapa kwa kukojoa kitandani kunathibitisha hofu ileile, tafadhali msimchape.

Sasa maumivu, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea bila kujua. Watoto wengi wa henia huchomwa ganzi chini ya mgongo wakiwa wamelala. Inafanya kazi saa 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo mtoto anatoka hospitali akicheka, usiku anaanza kulia, na nyumbani inaonekana ni “madhara ya usingizi”. Dawa ianze kabla ganzi haijaisha, na siku mbili za kwanza itolewe kwa kufuata saa. Usingoje alie. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Kwa kilo 16 ni miligramu 240. Soma chupa: ikiwa imeandikwa 120 kwa mililita 5, anahitaji mililita 10, ikiwa ni 250 kwa mililita 5, ni mililita 4.8 tu. Kijiko kimoja cha chai cha ile ya 120 ni nusu dozi, na mililita 10 za ile ya 250 ni zaidi ya dozi mbili. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ibuprofeni huongezwa daktari akiruhusu, baada ya kula. Kodeini na tramadoli, dawa kali za maumivu, msimpe kabisa mtoto wa umri huu.

Kwa wiki moja baada ya henia maumivu yanapaswa kuwa yamepungua sana. Akiwa bado anatembea ameinama, au kidonda kimevimba, kina joto au kinatoa usaha, rudi kwa aliyempasua. Homa nayo isisingiziwe nusu kaputi. Apimwe malaria kama mtoto mwingine yeyote.

Kuhusu ubongo: utafiti mkubwa uitwao GAS ulilinganisha watoto wachanga wa henia waliolazwa usingizi kwa muda usiozidi saa moja hivi na waliochomwa ganzi wakiwa macho. Walipopimwa akili wakiwa na miaka 2 na tena miaka 5, hapakuwa na tofauti. Tahadhari ya mamlaka ya dawa ya Marekani ya mwaka 2016 inahusu walio chini ya miaka 3 wanaolazwa usingizi zaidi ya saa 3, au mara nyingi. Mwanao hayumo.

Kwa sasa, mrudishie ratiba yake ileile ya kula na kulala, mlaze karibu nawe kwa muda, umuage ukitoka (“naenda chooni, narudi”) na urudi kweli, asikuone umetoroka. Mwache amchome mwanasesere sindano akitaka; ndivyo watoto wanavyolitoa jambo moyoni. Wengi hutulia ndani ya wiki chache. Ukifika mwezi bila nafuu, au akaacha kuongea, au akapoteza uwezo aliokuwa nao, aonwe na daktari wa watoto. Degedege, kutapika mfululizo, usingizi mzito usioamshika au kupumua kwa shida havingojei asubuhi.