Kufuli la gemu: lako au la serikali?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Mwanangu ana miaka 11. Mjomba wake alimletea mashine ya gemu, PS3 iliyotumika, imejaa gemu, na kila nikipita sebuleni kuna mtu anapigwa risasi au gari la watu linaibwa. Nikimnyang'anya pedi, anakwenda kibanda cha gemu cha jirani na shilingi 500. Serikali yetu haina sheria ya kuzuia haya? Na kama haina, kwenye mashine yenyewe naweza kufunga nini?

JIBU: Mama, salamu zimefika. Naanza na mashine, kwa sababu hiyo unaweza kuimaliza leo usiku mtoto akilala.

Washa PS3, ingia Settings, shuka mpaka Security Settings. Hapo utakuta Parental Control, nayo ina viwango kuanzia 1 hadi 11. Namba ikiwa ndogo, kufuli linakaza zaidi. Gemu zilizopewa alama ya miaka 17 na kuendelea, zikiwemo GTA (zile za wizi wa magari), hukaa kwenye 9. Za vijana wa miaka 13 na kuendelea ziko kwenye 5. Kwa mtoto wa miaka 11 weka 4: FIFA itapita, GTA itadai namba ya siri.

Namba yenyewe ndiyo wengi wanaisahau. Mashine inatoka kiwandani na 0000, na nyingi zinazofika mezani kwangu bado ziko hivyohivyo. Mzazi amefunga mlango, ufunguo ameuacha kwenye kitasa. Ibadilishe palepale, na usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, maana hiyo ndiyo ya kwanza atakayojaribu.

Halafu usiniamini mimi wala menyu. Chukua pedi, fungua GTA mwenyewe. Ya mjomba huenda ni mashine iliyochokonolewa ili icheze gemu za kunakili, na kwenye mashine za namna hiyo kufuli la kiwandani si la kutegemea. Ikifunguka bila kuuliza namba, dawa ni kuifuta hiyo gemu kabisa. Jua pia kwamba mtoto mjanja anaweza kurudisha mipangilio ya mwanzo na kufuli likapotea, kwa hiyo rudia kukagua kila baada ya wiki mbili tatu. (Wenye PS2 msihangaike: kufuli lake ni la filamu za DVD tu, gemu haligusi.)

Kwenye simu, kufuli liko ndani ya Play Store: gusa picha ya akaunti, kisha Settings, Family, Parental controls. Lakini linazuia yanayopita dukani humo tu. Gemu aliyorushiwa na rafiki kwa Bluetooth au Xender halihusiki nayo, kwa hiyo zima na ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya duka.

Sasa sheria. Kuna neno moja linawachanganya watu. Wengi wamesikia Uganda ina sheria ya "gaming" ya 2016 inayokataza walio chini ya miaka 25, wakadhani ni hizi gemu. Hiyo ni sheria ya bahati nasibu na kamari. Haijali nani anampiga nani risasi kwenye skrini. Ila watoto wakiwekeana pesa kwenye mechi ya FIFA, mshindi achukue zote, hapo wameshaanza kuchezea upande wa kamari, na mwenye kibanda anayeruhusu hayo ajue anajitafutia nini. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 nayo, ile inayotaka kumbi za sinema na maktaba za video ziwe na leseni ya UCC (Tume ya Mawasiliano), iliandikwa kwa kufikiria filamu. Bodi ya kwetu inayokaa na kupanga gemu kwa umri, kama PEGI ya Ulaya, hatuna.

Hata tukiiga za wenzetu, nina shaka. Marekani walianza alama za umri mwaka 1994, baada ya maseneta kuona damu ya gemu ya Mortal Kombat na kupiga kelele. Zile alama si amri ya serikali. Waliziweka wenye kampuni wenyewe wasije wakatungiwa sheria. California ilijaribu mwaka 2005 kumtoza faini hadi dola 1,000 muuzaji anayempa mtoto gemu ya ukatili, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaifuta sheria hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2, ikisema gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu. Uingereza ilikwenda njia nyingine: tangu 2012 alama za PEGI zina nguvu ya sheria, na kumuuzia mtoto gemu ya miaka 18 ni kosa la jinai.

Wote hao, waliokataa na waliokubali, wanagombania kaunta ya duka. Alama imechapwa kwenye boksi, muuzaji analitazama boksi, anamtazama mtoto. Kwetu boksi halifiki.

Mwezi uliopita niliitwa kibandani kurekebisha pedi iliyokuwa inavuta kushoto. Chumba kimoja, pazia mlangoni, televisheni mbili, na juu ya meza sarafu za 500 zimepangwa mstari: kila sarafu ni zamu ya mtu. Nikachomeka hard disk ili nijaribu pedi, nikahesabu gemu 43. Majina matupu, hakuna picha, hakuna alama. Mpira, mieleka, San Andreas (moja ya GTA), mpira tena. Mtoto ambaye sidhani alikuwa na miaka tisa akaniambia, "Fundi, usije ukafuta San Andreas." Gemu hiyo mwaka 2005 Marekani waliipandisha mpaka daraja la watu wazima peke yao, kwa sababu ya vipande vya ngono vilivyokutwa vimefichwa ndani yake. Yule kijana wa kibanda hana habari. Alinakiliwa zote kwa mkupuo, kama mtu anayenunua gunia la mitumba.

Kwa hiyo ukiniuliza serikali ifanye nini, nasema iache kufukuzana na gemu, ikitazame chumba. Chumba kinaonekana. Kina mlango, kina saa za kufungua, kina mwenye nyumba. Na kwa hili huna haja ya kusubiri Bunge. Sheria ya Watoto inataka kila baraza la mtaa, kuanzia LC1 (la kijiji), liwe na katibu wa masuala ya watoto. Mtafute wa kwenu. Nenda na wazazi wengine wawili watatu, ukienda peke yako utaonekana una ugomvi na jirani. Ombeni mambo mawili tu: watoto wa shule wasiingie saa za masomo, na televisheni moja ibaki ya mpira. Mwenye kibanda hapotezi kitu, maana mpira ndio unaomlisha.

Ndani ya nyumba ni kwako. Katiba yetu, ibara ya 31, inasema kulea mtoto ni haki na wajibu wa mzazi. Lakini usiende nalo kwa hofu. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilirudia mwaka 2020 kwamba gemu za ukatili zina uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana, na kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzilaumu kwa uhalifu. Kwa hiyo mwanao hageuki jambazi. Mimi linalonisumbua zaidi ni usingizi, na hayo matusi ya Kiingereza wanayoyakariri bila kujua maana.

Nina wateja wanaoleta mashine pamoja na mtoto mwenyewe. Wakati wa kuweka namba mpya mimi hugeuka ukutani, mama aandike peke yake, kwa sababu kesho yake yule mtoto ndiye anayerudi na sarafu yake ya 500 kuniuliza.