Mama mkwe anaitwa usted, sasa namwambiaje nakupenda?

SWALI: Shikamoo dada. Mi najifunza Kihispania mwaka wa pili sasa na nina mchumba Mkolombia wa Bogotá. Juzi mama yake alikuwa na bethdei nikamtumia meseji "te quiero mucho", yaani nakupenda sana, mchumba akacheka weee, akasema mama yake anaitwa usted, ile "wewe" ya heshima, so nilitakiwa niandike "la quiero mucho". Sasa si tulifundishwa la quiero ni nampenda? Nampenda nani tena wakati naongea na yeye mwenyewe? Halafu kinachoniumiza zaidi, mchumba naye siku nyingine ananiita usted. Ndo mapenzi yamepoa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tatizo lako ni kwamba sisi nakupenda ni moja tu, hiyo -ku- unampa mtoto unampa na bibi, heshima tunaiweka kwenye shikamoo. Wao heshima wameipachika kwenye kiwakilishi chenyewe. Usted imetokana na vuestra merced, yaani kama "hisani yako", ndo maana kitenzi kinakaa kama unamsema mtu ambaye hayupo, we hujawahi kumuuliza mzee uso kwa uso "mzee ameshakula?" Basi ni hivyohivyo, te inatoka, mwanaume anakuwa lo, mwanamke la.

Na ni kweli la quiero inaweza kuwa nampenda au nakupenda, hata wenyewe wanategemea mnaongea nini. Ukiogopa kuchanganya ongeza a usted mwishoni, au muite kabisa, "la quiero mucho, señora". Ila ukienda Hispania utasikia wanaume wanaambiwa "le quiero", usishtuke, hiyo le kwa mwanaume mmoja hata Real Academia, wale wasimamizi wa Kihispania, wameikubali, kwa mwanamke kawaida inabaki la. Lo quiero nayo ina vituko vyake maana querer ni kupenda na ni kutaka pia, sentensi hiyohiyo unaitumia dukani ukionyesha kiatu.

Kuhusu mchumba, tulia. Bogotá na milimani huko usted sio ya wakubwa tu, watu wanaitana hivyo mke na mume, ndugu kwa ndugu, marafiki, na upande wa mkoa wa Boyacá wana sumercé, "wewe" nyingine ambayo ni tamu kabisa na imetoka kwenye merced hiyohiyo. So akikwambia "lo quiero" ni wewe huyo, sio kiatu. Ila sikudanganyi, wapo wa kwenye tú, ile "wewe" ya kawaida, ambao wakinuna wanahamia usted, hiyo utaijua kwa sauti yake, mi siwezi kuisikia toka huku.

Mama mkwe wala hajakasirika, na bora hukumwandikia "te amo" maana hiyo nzito, wengi wanaiweka kwa mpenzi au watu wa damu kabisa. Mtumie nyingine: "Señora, la quiero mucho y le mando un abrazo." Umeona la imegeuka le? Anayependwa ni yeye moja kwa moja ndo la, ila kinachotumwa ni kumbatio, yeye anatumiwa tu, hapo ni le awe mama awe baba. Akikujibu "yo también lo quiero", mimi pia nakupenda, ujue huyo lo ni wewe.