Kubadilisha Saiga: hesabu vipuri kwanza

Ndugu, unauliza kama huko Marekani unaweza kuiwekea Saiga yako, bunduki ya nusu-otomatiki ya Kirusi, kishikio cha mtindo wa bastola. Unaweza, ila hesabu vipuri kwanza, maana kishikio hicho kinaweza kuifanya iwe ya aina isiyoruhusiwa kuingizwa nchini. Kifungu 922(r) cha sheria ya shirikisho hakiruhusu uunganishe bunduki ya nusu-otomatiki iwe ya aina hiyo, ikiwa na zaidi ya vipuri 10 vya kigeni kati ya 20 vilivyoorodheshwa kwenye kanuni. Magazini (chombo cha risasi) peke yake huhesabiwa kama vipuri vitatu: kasha, kisukuma risasi na mfuniko wa chini. Hapo ndipo wengi hujisahau. Mtu anachomeka magazini ya Kirusi, hesabu yote inavurugika. Skrubu hazimo kwenye orodha. Mtutu usiufupishe chini ya inchi 16, au 18 kama Saiga yako ni shotgun; hiyo ni sheria nyingine kabisa. Sheria za jimbo lako zisome pia. Za California ni kali zaidi.