Wadudu: mikokoni wengi, Amani aina nyingi
Kaka umeuliza mbona mikokoni wadudu wanaoruka ni kibao kuliko msitu wa Amani kule Usambara, wakati watu wanasema msituni ndo kwenye utajiri. Idadi na aina ni hesabu mbili tofauti. Jioni upepo ukitulia hapo kwenye mikoko ya Tanga usubi wanakula shingo mpaka unakimbia, ila wakamate uwaangalie vizuri, wengi ni wale wale tu, usubi, mbu na vijinzi vya matope, coz maji ya chumvi yanawashinda wadudu wengi, sasa wachache wanaoyaweza wanajimwaga bila mpinzani, kama yule mbu Anopheles merus anazaliana humo humo. Amani kinyume, kila aina wachache wachache, halafu wengi wako juu kwenye vilele vya miti kwenye jua na maua, we unapita chini unaona kimya. Tundika shuka jeupe na taa usiku usio na mwezi uone nondo wanaokuja, utachoka kutafuta wawili wanaofanana.

Ila usilinganishe kwa macho. Tega bakuli za njano, maji na tone la sabuni, sehemu zote mbili siku moja saa zile zile, nzi nyigu na nyuki wanaifuata ile rangi wanatumbukia wenyewe. Za mikokoni ziinue kwenye vijiti maji yakijaa yasizibebe. Na siku za mvua ya kwanza achana nazo, kumbikumbi watakuvurugia hesabu yote. Kwenye mashamba ya mkonge tega tu kwa kujiridhisha, mi sitegemei makubwa huko.