Windows haijaamilishwa baada ya kurejesha mfumo

Pole. Kabla hujanunua ufunguo mwingine (msimbo wa leseni), angalia toleo la Windows lililoingia, Home au Pro. Unasema kompyuta ilikuwa na Pro kabla ya kurejesha mfumo kwa flashi, na sasa inadai Windows haijaamilishwa, yaani leseni yake haijathibitishwa. Nina wasiwasi imekuwekea Home. Kama mashine ilitoka kiwandani na Home, ufunguo wa Home umehifadhiwa ndani ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na kisakinishi cha Windows huusoma na kukuchagulia Home bila hata kukuuliza. Leseni yako ya Pro haiamilishi Home.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, utaliona toleo. Likiwa Home, unganisha intaneti, ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya uamilishaji, kisha endesha kitatuzi cha matatizo. Kikikuta leseni ya kidijitali ya Pro ya mashine hiyo, kitakuongoza kupanda hadi Pro, na mafaili yako hayaguswi.

Toleo likiwa sahihi, tazama tarehe na saa. Zisipokuwa sahihi, seva ya Microsoft inaweza kukataa kuamilisha.

Umebadilisha madabodi? Hapo ni habari nyingine, maana leseni hufungwa kwenye maunzi, yaani vifaa vya kompyuta yenyewe. Ingia kwa akaunti ya Microsoft uliyokuwa umeiunganisha na leseni, endesha kitatuzi kilekile, chagua kwamba umebadilisha maunzi hivi karibuni. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida haihami.

Na zile programu za kuamilisha za bure usiziguse, nyingi zina virusi. Ukimaliza, bonyeza tena Windows pamoja na R na uandike amri slmgr /xpr; itakuthibitishia kama Windows imeamilishwa.